Rangi ya Silva kwenye Menifoldi ya Mjomba

Kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na geti letu, jioni abiria wakipungua, utawakuta vijana wamechuchumaa na brashi wanapaka ekzosi rangi ya silva. Wiki ya kwanza inang'aa kama kijiko kipya. Wiki ya pili imegeuka njano. Ya tatu inabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake kutu ile ile inachungulia. Abiria, yaani mimi na wewe, hatuna habari. Sisi tunabishana bei. Ila mimi huwa natupia jicho, maana naijua kazi hiyo ikifanywa inavyotakiwa inakuwaje, na najua nyumbani ilitugharimu nini.

Kwetu ni Kichiwa, kati ya Makambako na Njombe mjini. Kwa wasiopajua huwa naelekeza hivi: ukitoka Dar kwa barabara ya Tunduma, ukifika Makambako basi la Mbeya linanyoosha, la Songea linakata kushoto. Sisi ni wa huko kushoto. Ni nchi ya viazi, mahindi, misindano na baridi. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi za Juni na Julai unakuta umande umeganda juu ya majani, unatembea unasikia yanavunjika chini ya viatu. Wenzangu wa Tanga na Mtwara wanadhani natia chumvi. Waje.

Mjomba wangu ana kenta. Imebeba viazi vya lumbesa, imebeba mbao, imebeba maharusi na misiba, na zaidi ya yote imebeba ada zetu. Bodi ya Mikopo, ile ya serikali, ilinipa sehemu ya ada. Sehemu iliyobaki ilikuwa inapelekwa Makambako kwa gunia. Sasa likizo ndefu ya kuelekea mwaka wa tatu, mwezi wa nane, nikakuta mjomba ameamua kuuza gari. Amechoka barabara, anataka kupanda parachichi kama watu wengine. Ameshapata mnunuzi wa Mafinga, atakuja Jumamosi. Hesabu ilikuwa imepangwa tayari: ada yangu ya mwaka mzima inatoka humo kwanza, miche baadaye.

"Wewe mwalimu," aliniambia (nasomea ualimu wa kemia na biolojia, kwa hiyo nilishapewa cheo tangu mwaka wa kwanza), "kesho unamsaidia fundi. Tunataka gari ipendeze hadi chini."

Hadi chini maana yake menifoldi. Kwa wale wa kozi za sanaa, nisimulie kidogo. Injini ya kenta ina silinda nne, na kila moja inatema moshi wake. Menifoldi ni chuma kizito cha kumimina, chenye mikono minne inayopokea moshi huo na kuukusanya kwenye bomba moja linalokwenda kwenye silensa. Magari ya mbio yana mabomba membamba yaliyochomelewa badala ya chuma hicho kizito, wenyewe wanayaita heda, lakini kazi ni moja. Moshi wa dizeli gari ikiwa na mzigo mlimani unafika nyuzi 500 na 600, na kwenye injini za petroli unaweza kupita 800. Kiasi cha nyuzi 500 na kitu chuma kinaanza kuonekana chekundu gizani. Hakuna sehemu nyingine nje ya injini inayoteseka hivyo.

Na kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka nilipoketi na kalamu. Chuma kikipata joto kinarefuka. Hiyo tumefundishwa sekondari. Menifoldi yenye urefu wa nusu mita ikipanda nyuzi 500 inarefuka karibu milimita 3. Ukiwa Kichiwa, gari inalala kwenye baridi ya nyuzi 5, inaamka, inapakia, inapanda mlima, chuma kinavutika zile milimita 3, halafu jioni kinarudi. Kesho tena, kwa miaka zaidi ya ishirini, huku kimebanwa na bolti ambazo hazipendi kisogee. Hebu wewe uwe chuma hicho.

Mjomba alikuwa ameshanunua kopo la rangi. Fundi alilipokea, akalisoma, akacheka hadi akakaa kwenye tairi.

"Mzee, hii ni ya mageti. Geti haliendi Makambako na tani tatu."

Rangi ya kawaida ya mafuta imeshikiliwa na minyororo ya kaboni. Ikipita nyuzi 150 hivi inaanza kuchakaa, ikizidi zaidi inaungua kabisa, na harufu yake inaingia ndani ya gari. Ndiyo ile ya kijiweni kwetu. Rangi ya kustahimili joto ni kitu kingine. Gundi yake ni silikoni, ambayo uti wa mgongo wake ni silikoni na oksijeni zikipokezana, na kifungo hicho ni kigumu kukivunja kuliko cha kaboni kwa kaboni. Ndani yake mara nyingi kuna vipande vidogo mno vya aluminiamu, vyembamba kama magamba ya dagaa. Chuma kinapopata moto, sehemu ya kaboni iliyomo inaungua taratibu na kuondoka, inabaki silika iliyoshikana na yale magamba na kukumbatia chuma. Yaani moto unaoua rangi ya geti ndio unaoikomaza hii. Kopo tulilokuja kulipata Makambako liliandikwa nyuzi 650, na bei yake ilikuwa mara tatu ya lile la mageti.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, mnisamehe. Mtu aliyezichunguza silikoni hizi kwa zaidi ya miaka 30, Frederic Kipping wa Nottingham kule Uingereza, mwishoni mwa kazi yake, miaka ya 1930, alisema haoni matumaini makubwa ya hatua yoyote ya maana ya karibuni katika tawi hilo la kemia. Miaka michache baadaye viwanda vya Marekani vilikuwa vinazitengeneza kwa ajili ya ndege za vita. Nawaambia wale wanaoulizwa kila siku "hiyo kozi yako utafanyia nini".

Turudi gereji, ambayo kwa kweli ni mti mmoja na magogo mawili. Alhamisi asubuhi tuliinua kichwa cha gari. Kenta inakalia injini: dereva na utingo wamekaa juu yake kabisa, kwa hiyo ukitaka kuiona unalaza kichwa chote mbele kama mtu anayetapika. Fundi akanipa brashi ya waya, msasa na chupa ya petroli, akaniambia kazi ya rangi ni hii hapa, kupuliza ni sherehe tu. Kutu haishikwi na rangi yoyote, kwa sababu yenyewe haijashikana vizuri na chuma. Ukipaka juu yake, inabanduka na rangi yako mgongoni. Mafuta nayo hayashikwi. Hata alama ya kidole inatosha kuharibu. Kwa hiyo unakwangua mpaka chuma kionekane cha kijivu, unafuta kwa petroli, unaacha ikauke, unafuta tena kwa kitambaa safi, na kuanzia hapo hugusi kwa mkono mtupu.

Nilikuwa nimefika kati ya mkono wa pili na wa tatu. Pale palikuwa na masizi meusi ambayo kila nikiyafuta yanaacha mstari. Nikaongeza petroli, nikafuta tena. Mstari ukabaki, mwembamba kama unywele, urefu wa kidole. Nikamwita fundi. Akawasha tochi ya simu, akaangalia kwa muda, akamwita mjomba.

"Ufa."

Mjomba aliinama akaangalia. Binamu yangu, mtoto wa mjomba ambaye ndiye utingo wa hiyo gari, naye akaja akaangalia. Tukawa wanne tumeinamia mstari mmoja kama watu wanaosoma matokeo ubaoni.

"Unazibika?" mjomba aliuliza.

"Kuziba unazibika," fundi alisema. "Ipo simenti ya ekzosi. Unajaza, unasugua, unapaka rangi juu. Hata mimi sitauona."

"Itakaa?"

"Wiki mbili. Tatu."

"Mpaka Mafinga itafika?"

"Mafinga? Hata Iringa itafika, Mzee."

Hakuna aliyesema kitu. Kila mmoja alielewa swali lilikuwa linauliza nini na jibu lilikuwa linajibu nini. Mimi nilikuwa na hesabu yangu ya ada kichwani, na sioni haya kuisema: ile hesabu ilitoka sawasawa kama tu ufa ungezibwa. Wengi mnaosoma hapa mnajua kuingia wiki ya mitihani bila kibali kunafananaje. Kwa hiyo msidhani nilikuwa nimesimama pale kama malaika mwenye brashi ya waya.

Aliyevunja ukimya ni binamu. "Sasa ndiyo maana kichwa kinaniuma tukilala Makambako."

Mjomba akadhani anazungumzia kichwa cha gari. "Kichwa kina nini?"

"Changu, baba. Mwezi wa sita ule. Tulikuwa tunawasha injini tupate joto, vioo tunafunga. Naamka kichwa kinagonga, nataka kutapika. Ukasema ni ulanzi."

Ni kweli alisema ni ulanzi. Habari ile ilikuwa imeshafika hadi kwa mama, na binamu alishasemwa kikao kizima.

Hapo ndipo ualimu wangu ulipotumika. Nikawaeleza kaboni monoksidi: haina rangi, haina harufu, na inaishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka kama basi lililojaa watu wasiotaka kushuka. Dizeli inatoa kidogo kuliko petroli, hiyo nayo niliisema ili nisimtishe mtu bure. Lakini kidogo hicho, pamoja na moshi mwingine wote, kinapotokea chini ya kiti, vioo vimefungwa, usiku mzima, si kidogo tena. Mtu anaanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia. Anayesinzia kwenye baridi anajifunika blanketi, anafurahi kwamba usingizi umekuja.

Mjomba alichukua brashi mkononi mwangu akakwangua ule ufa mwenyewe, taratibu, kama anayetumaini utafutika. Halafu akauliza, "Huyo wa Mafinga ana utingo?"

"Nani hana utingo, Mzee," fundi akajibu.

Jioni ile mjomba alimpigia mnunuzi simu akamwambia gari haijawa tayari, aje Jumamosi ya wiki inayofuata. Hakusema kwa nini. Nilimsikia upande wa pili akinung'unika.

Tulifikiria kuchomelea. Fundi alikataa, na nilikuja kusoma baadaye nikaona alikuwa na haki. Chuma cha kumimina kina kaboni nyingi, ni kigumu lakini hakina uvumilivu. Ukikichomelea kikiwa baridi kinapasuka pembeni ya ulipochomelea. Inabidi ukipashe joto chote kwanza, utumie fimbo za nikeli, kisha ukipooze polepole kwa saa nyingi, na hata hivyo huna uhakika. Tukaenda Makambako kutafuta menifoldi ya mtumba.

Safari hiyo ningeweza kuiandikia makala yake. Maduka ya spea za mtumba pale yamejaa vyuma hadi darini, na muuzaji anajua kila kimoja kilipo kama mama anavyojua watoto wake. Fundi alizipanga menifoldi tatu chini, akazining'iniza moja moja kwa waya na kuzigonga kwa nyundo ndogo. Nzima inalia kama kengele. Yenye ufa inalia kama debe. Mbili zililia debe. Ya tatu ililia hadi kijana wa duka la jirani akageuka. Halafu akaweka kipande cha kioo kwenye nyuso zinazokutana na injini kuona kama hazijapinda, kwa sababu uso uliopinda unakula gasketi, na gasketi ikiliwa moshi unarudi kule kule chini ya kiti. Bei ya ile menifoldi, gasketi, bolti mpya na makopo mawili ya rangi ilikula zaidi ya nusu ya ada yangu. Mjomba alilipa noti kwa noti bila kuniangalia.

Rangi yenyewe. Dukani walikuwa na nyeusi na silva. Mimi nilitaka nyeusi, inapendeza na haichafuki. Fundi alisema gari ya kazi apakiwe silva. Kwenye nyeusi masizi hayaonekani. Kwenye silva, moshi ukivuja hata kidogo kwenye maungio, unaacha alama nyeusi kama kidole cha mtoto ukutani, na dereva anayeinua kichwa cha gari mara moja kwa wiki ataiona kabla pua yake haijamwambia.

Tulisafisha siku mbili. Kupuliza kulichukua dakika chache tu, mara tatu, kila mara ukungu mwembamba tu unaokaribia kutofunika. Ukipaka nene, ngozi ya juu inakauka na ya chini imebaki mbichi, na chuma kikianza zile milimita 3 zake rangi inafumuka malengelenge. Nyuso za gasketi tulizifunika kwa karatasi ya gundi. Tatizo letu likawa hali ya hewa: ukungu wa Kichiwa unaingia kila mahali, na rangi juu ya chuma chenye unyevu ni kazi bure. Tukaining'iniza menifoldi jikoni kwa bibi, juu kidogo ya mafiga, na bibi aliyekuwa anapika kande akawa anaipisha kichwa kila anapogeuza mwiko. Aliuliza mara moja tu kama inaliwa.

Halafu kukomaza, ambako watu wengi wanaruka. Rangi hii ikikauka kwa hewa bado ni laini, ukucha unaikwangua. Inataka moto wa ngazi. Viwandani wana tanuri: nusu saa kwenye joto la chini, ipoe, nusu saa juu zaidi, ipoe, kisha juu kabisa. Sisi tanuri letu lilikuwa injini yenyewe. Tuliifunga, tukawasha dakika 10 bila mzigo, tukazima mpaka ikapoa kabisa. Tukawasha dakika 20, tukazima. Ilitoa moshi mweupe na harufu kali. Huo unatokea mara ya kwanza tu, na unatakiwa ukukute nje, kichwa cha gari kimeinuliwa, si umekaa ndani umefunga vioo. Kesho yake mjomba akaipeleka Makambako tupu, akarudi akiikanyaga kwenye miinuko. Ilipopoa nilijaribu kwa ukucha. Haikusogea.

Mnunuzi alikuja Jumamosi kama alivyoambiwa. Mtu makini, aliinua kichwa cha gari kabla hata ya kukaribishwa chai. Alipoiona silva akasimama, akakunja uso. Na kusema ukweli simlaumu. Chuma kipya kinachong'aa katikati ya injini kuukuu kinauliza swali. "Mnaficha nini hapa?"

Mjomba akaenda nyuma ya nyumba akarudi na menifoldi ya zamani, akaiweka miguuni pake. "Hicho hapo."

Yule bwana alipitisha ukucha kwenye ufa, akaipiga ile menifoldi kwa spana, ikalia debe. Akauliza ilikuwa inavuja tangu lini. Mjomba akamwambia hajui, labda tangu mwezi wa sita, labda kabla. Wakanywa chai. Mnunuzi akasema gari ambayo menifoldi yake imepasuka huenda na kichwa cha silinda kimepata joto kubwa, akapunguza bei kwa kiasi ambacho mjomba alikiona matusi. Wakaagana kwa heshima. Gari haikuuzwa.

Nilirudi chuoni na nusu ya ada, nikaandika barua ya kuomba kulipa kwa awamu, nikalipia awamu ya pili kwa bumu na nikaishi muhula ule kwa ugali na maharage ya kupika chumbani, kitu ambacho hosteli hairuhusu na ambacho sitakizungumzia zaidi hapa. Kontroo namba ya awamu ya mwisho niliilipa siku nne kabla ya mitihani, kwa hela ya viazi. Viazi hivyo vililetwa Makambako na kenta ile ile.

Binamu sasa ndiye dereva. Kila mwisho wa mwezi ananitumia picha ya menifoldi kwenye WhatsApp, bila salamu wala maneno, picha tu. Maungio yote manne ni safi. Ya mwezi huu ilionyesha doa la kutu, dogo kama punje ya ulezi, kuzunguka bolti ya tatu, pale spana ilipoparuza rangi tulipokuwa tunakaza. Nimemjibu atafute brashi ya waya, na kwamba kwenye kopo la pili kuna rangi imebaki, iko juu ya kabati kwa bibi.